SOMO LA MWEZI: Nyumba Inauzwa. Je, Mlango Uwe Wazi kwa Kila Mtu?

Somo letu la leo limetokana na swali tulilouliziwa mlangoni baada ya mkutano wa kikundi. Wazazi wawili, walimu waliostaafu, wana nyumba yao upande wa Ongata Rongai. Waliijenga kwa mkopo wa benki. Halafu mzee akaugua, pesa za kulipa mkopo zikaenda hospitalini, na sasa barua ya kwanza ya benki imefika. Wameamua kuiuza nyumba wao wenyewe kabla haijafika mikononi mwa dalali wa mnada.

Mtoto wao anaishi Marekani. Alipopiga simu aliwaambia, "Mama, huku mtu akiuza nyumba anaifungua Jumapili mchana, watu wanaingia tu kuangalia. Si mfanye hivyo?" Mama aliona ni wazo zuri, kwa sababu siku zinakwenda. Mzee hataki hata kusikia. Anasema nyumba si soko, na yeye hawezi kukaa kwa kiti akiangalia watu asiowajua wakifungua chumba chake cha kulala. Wakatuuliza, nani kati yao yuko sawa?

Tulilijadili kwa muda, na tumeona jambo hili si la familia hiyo peke yake. Siku hizi watu wengi katika mitaa yetu wanauza nyumba, wengine kwa shida, wengine kwa kurudi nyumbani baada ya kustaafu, wengine kwa kugawa urithi. Kwa hivyo na tulitazame pamoja.

Huko kwa wenzetu wanafanyaje

Kwanza tuelewe hiyo nyumba wazi ni kitu gani. Marekani, mwenye nyumba kwa kawaida hutafuta ajenti mwenye leseni. Ajenti huchagua siku, mara nyingi Jumamosi au Jumapili, kwa muda wa saa mbili tatu hivi. Anaweka vibao barabarani kuelekeza watu. Mwenye nyumba na watoto wake huondoka, hata mbwa huondolewa. Yeyote anayetaka anaingia, anaandika jina kwa kitabu, anatembea chumba hadi chumba, anafungua kabati, anajaribu mfereji, anaondoka. Australia nao wana desturi kama hiyo, sana sana Jumamosi, na nyumba nyingi huko huuzwa kwa mnada ambao mwenyewe ameutaka, si ule wa kulazimishwa na benki.

Sasa mtoto wetu wa Marekani amesema kweli, lakini amesema nusu. Huko, kabla mgeni hajakanyaga mlangoni, mambo mengi yameshafanyika. Bei imetangazwa na kila mtu anaijua. Picha ziko kwenye intaneti. Jina la mwenye nyumba linaweza kuangaliwa katika kumbukumbu za serikali ya mahali hapo. Pesa za kwanza za mnunuzi kwa kawaida haziendi mfukoni mwa muuzaji, zinashikwa na mtu wa kati mpaka mambo yakamilike. Kufungua mlango ni kipande kidogo tu cha mpango mkubwa. Ukichukua hicho kipande peke yake ukakileta Rongai, ni kama kubeba usukani ukaacha gari.

Tena hata huko, wanaojua kazi hiyo hubishana kama ina faida. Wengi wanaokuja ni majirani wanaotaka kuona jikoni kwa mwenzao, na watu wanaopitisha wakati. Maajenti wenyewe husema wazi kwamba siku kama hiyo huwasaidia wao kupata wateja wapya, hata kama nyumba yenyewe haikupata mnunuzi. Na kuna onyo moja ambalo wauzaji wa Marekani hupewa mara kwa mara, ambalo lilimshangaza sana mzee wetu tulipomwambia: ficha dawa zako za hospitali, kwa maana kuna watu huingia nyumba hizo kuiba dawa kwa kabati la bafuni.

Hapa kwetu siku za wazi mmeziona, lakini ni za kampuni. Kampuni inayouza nyumba mpya inaweka hema, muziki, soda, na watu wanapelekwa kwa basi bure hadi kwa ploti. Hilo halina shida, kwa sababu wanaloonyesha ni nyumba ya mfano. Hakuna mtu analala ndani. Hakuna sare za shule kwenye kamba wala redio ya mzee kando ya kitanda. Usilinganishe hiyo na nyumba ambayo watu wanaishi.

Ubaya wa kuuza kwa siri

Mpaka hapa mtadhani tumempa mzee ushindi. Hapana. Tulipozidi kumuuliza, ilijitokeza kwamba mzee hakuwa anaogopa wezi pekee. Alikuwa anaogopa watu wajue anauza. Alisema, "Watasema tumefilisika." Kwa hivyo alikuwa amempa broka mmoja neno kimyakimya, na kumwambia alete watu jioni, majirani wakiwa wamefunga madirisha.

Ndugu, tumeona mambo mengi yakiharibika kwa njia hii kuliko kwa njia nyingine yoyote. Nyumba inayouzwa kwa siri ina mnunuzi mmoja au wawili tu, na hao wamejua tayari kwamba una haraka. Broka akishajua siri yako, siri hiyo inakuwa mali yake. Atamwambia mnunuzi, "Huyu benki iko nyuma yake, mpe kidogo atakubali." Na jirani yako, ambaye shemeji yake amekuwa akitafuta nyumba mtaa huo huo mwaka mzima, atajua uliuza siku ile atakapoona lori la kuhamisha vyombo.

Kuna jambo lingine juu ya mabroka ambalo watu hawalifikirii. Wako wanaowatoza wageni pesa ya kuonyeshwa nyumba. Huyo, kila anayemleta kwako amemlipa, uuze usiuze. Ndiyo sababu unaona watu ishirini kwa mwezi mmoja na hakuna hata mmoja anayeuliza hati. Nyumba yako imekuwa duka lake. Ukitaka ajenti, tafuta aliyesajiliwa. Sheria ya Maajenti wa Nyumba ya mwaka 1984 iliweka bodi ya kuwasajili, na asiyesajiliwa hana ruhusa kisheria kufanya kazi hiyo. Muulize cheti chake, halafu mwandikiane malipo yake yatakuwa kiasi gani na yatalipwa lini.

Siri pia inakula siku, na siku ndizo familia hii haina. Hebu tuhesabu pamoja. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkopaji akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa ilani ya kulipa katika muda usiopungua miezi 3. Asipolipa, na benki ikiamua kuuza, inatoa ilani nyingine ya siku zisizopungua 40. Halafu dalali wa mnada, kwa kanuni za mwaka 1997, anatoa yake ya siku zisizopungua 45. Hata zikifuatana moja baada ya nyingine bila kuingiliana, jumla ni kama siku 175. Haifiki miezi 6.

Sasa upande wa pili. Mkipata mnunuzi leo na kutia sahihi mkataba, kwa kawaida mawakili hupeana siku 90 kukamilisha, na zinaweza kuongezeka. Kwa hivyo wazazi hawa wana karibu miezi 3 ya kutafuta mtu, na hiyo miezi imeshaanza kwenda. Kama mzee atautumia mwezi mzima akichungulia dirishani asionekane, atakuwa amebakiza miwili.

Ni kweli sheria inamlinda mkopaji kidogo. Benki inatakiwa itafute bei nzuri inayoweza kupatikana, na ikiuza kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba imekosea mpaka ionyeshe vinginevyo. Lakini kulalamika mahakamani baada ya nyumba kwenda ni gharama na ni miaka. Afadhali uuze mwenyewe ukiwa bado na ufunguo.

Msimamo wetu, basi, ni huu. Habari ya kwamba nyumba inauzwa iwe wazi kabisa. Bei iwe wazi. Hali ya hati iwe wazi kwa mnunuzi wa kweli. Mlango ndio usiwe wazi kwa kila mtu. Mama ana haki kutaka watu wengi wajue, na mzee ana haki kutaka wachache waingie. Walikuwa wakibishana juu ya vitu viwili tofauti.

Kabla hujamwalika hata mtu mmoja

Hapa ndipo tutakaa kidogo, kwa sababu tunaona watu wanapaka rangi ukuta wa mbele kabla ya kutoa karatasi sandukuni. Mnunuzi mwenye pesa zake haogopi ukuta uliochujuka. Anaogopa hati.

Nenda benki kwanza. Hati ya nyumba hii iko kwao, kwa hivyo hakuna haja ya kujifanya. Omba barua inayoonyesha deni lililobaki, na uwaandikie kwamba unatafuta mnunuzi. Benki ni wafanyabiashara, na kwa maoni yetu wengi wao wangependa kulipwa bila kelele kuliko kupiga mnada. Mnunuzi akija unamwambia wazi: hati iko benki, deni ni hili, wakili wako na wa benki wataandikiana, deni litalipwa kutoka kwa pesa za kuuza na hati iachiliwe. Mnunuzi anayekimbia kwa kusikia hivyo angekimbia tu hata baadaye, akiwa ameshakupotezea wiki sita.

Halafu, hati ina jina la nani? Kama nyumba ni ya mume na mke, hata jina likiwa la mmoja, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka wote wawili wakubali kabla ya kuuzwa. Idhini hiyo iandikwe. Tumesikia mara nyingi mwanaume akisema, "Mama hana neno." Kama hana neno, aweke sahihi.

Na kama jina ni la marehemu, tafadhali simama hapo hapo. Usimwite mtu kuangalia nyumba. Watoto wengi hudhani kwamba kwa kuwa baba alikufa na wao ndio wanaokaa pale, wanaweza kuuza. Hapana. Mpaka mahakama itoe barua za usimamizi wa mali na kisha izithibitishe, hakuna mtu mwenye uwezo wa kuuza nyumba hiyo, awe kifungua mimba au nani. Mnunuzi anayekubali kukupa pesa katika hali hiyo, ama hajui, ama anajua sana.

Kama nyumba iko kwa shamba ambalo bado linahesabiwa kuwa ardhi ya kilimo, lazima mpate idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bodi nyingi hutaka kuwaona mke na watoto wakubwa pia. Upande wa Kajiado, ambako Rongai iko, ploti nyingi zilikatwa kutoka kwa mashamba makubwa, kwa hivyo msidhani kwamba kwa kuwa kuna nyumba ya mawe na duka kando basi mambo ya shamba yalikwisha. Angalieni hati inasema nini.

Mambo ya ushuru tutayapitia kwa haraka. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kama ni ndani ya mji na asilimia 2 kama ni nje. Hata kama si wewe unayelipa, ujue, kwa maana nyumba ya shilingi 6,000,000 mjini inamgharimu mnunuzi 240,000 zaidi na lazima atazitoa katika hesabu zake. Muuzaji naye huwa na ushuru wa faida, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida aliyopata. Lakini aliyeishi ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza hatozwi huo. Wazazi wetu hawa wameishi hapo zaidi ya hivyo, na hawakuwa wanajua. Walikuwa wameshaanza kuongeza bei kufidia ushuru ambao hawadaiwi!

Bei yenyewe msiitoe kichwani wala kwa broka. Mwiteni mthamini wa mali aliyesajiliwa. Analipwa, ndiyo, lakini ripoti yake ndiyo itakayokusaidia siku mnunuzi akikuambia jirani yako aliuza kwa nusu ya hiyo.

Jumamosi moja yenye miadi

Sasa tuje kwa siku yenyewe. Tuliwashauri wazazi hawa wasifungue nyumba kwa kila mpita njia, na pia wasikubali kuonyesha kila jioni mtu akipiga simu. Wachague Jumamosi moja, na nyingine baada ya wiki mbili kama itahitajika. Wiki nzima kabla ya hapo watangaze kila mahali: kwa chama, kwa sacco ya walimu, kwa vikundi vya simu vya mtaa, kwa matangazo ya kanisani, na kibao kidogo getini chenye namba ya simu tu. Wataje mahali, vyumba, ukubwa wa ploti na bei. Anayetaka kuja apige simu, atoe jina lake na namba ya kitambulisho, apewe saa yake.

Kwenye simu muulize mambo mawili bila aibu. Unanunua kwa pesa taslimu au kwa mkopo? Na unataka kuhamia lini? Si ufidhuli. Anayetegemea mkopo ambao hata hajauomba hawezi kukusaidia ndani ya miezi 3, hata kama ni mtu mzuri sana.

Mpe kila mtu nusu saa, na uwapange wafuatane. Anayetoka atakutana getini na anayeingia. Hilo peke yake litasema kitu ambacho wewe hupaswi kusema kwa mdomo. Lakini msije mkawaita binamu kujifanya wanunuzi. Tumesikia hiyo hila ikisifiwa. Ni uongo, na mnunuzi akigundua, kila neno lako lingine analitilia shaka, hata lile la kweli kuhusu hati.

Nyumbani muwe watu wawili wazima au zaidi: mmoja wa kutembea na mgeni, mwingine wa kukaa sebuleni. Mgeni asiachwe peke yake chumbani. Soja wa geti aangalie kitambulisho na kuandika. Simu, kompyuta, vito, kadi za benki, dawa za mzee, vyote viwekwe katika chumba kimoja na kufungwa, au vipelekwe kwa ndugu. Ondoeni pia barua zenye majina na namba za akaunti, na picha za watoto zenye jina la shule. Watoto wenyewe waende kwa shangazi siku hiyo. Mzee, kama roho haimruhusu kuangalia, aende nao. Hakuna sheria inayosema lazima akae akihesabu viatu vya wageni.

Nakala ya hati msigawe. Hapa tunataka msomaji atuelewe vizuri, kwa sababu ndipo hatari kubwa ilipo, kubwa kuliko mtu kubeba televisheni. Matapeli huja kama wanunuzi. Wanapiga picha nyumba ndani na nje, wanapiga picha hati, na baada ya muda nyumba yako inatangazwa mahali pengine na mtu anayejiita mwenyewe, akipokea malipo ya kwanza kutoka kwa watu watatu. Wewe utajua siku wageni wa watu watakapokuja na lori. Kwa hivyo picha za ndani zipigwe kwa ruhusa yako tu. Namba ya hati apewe yule aliyeonyesha nia, ambaye kitambulisho chake unacho, ili wakili wake akafanye uchunguzi wa ofisi ya ardhi, ile wengi wetu tunaita sachi. Sachi ndiyo itamwambia ukweli, si fotokopi yako. Nairobi, tangu Aprili 2021, kuna mtandao wa serikali wa Ardhisasa wa kufanya hivyo kwa kompyuta. Kwa ardhi za kaunti zingine, ulizeni wakili ni njia gani inatumika kwa hati yenu.

Nyumba yenyewe isafishwe, mapazia yafunguliwe, majani yakatwe. Msipike samaki asubuhi hiyo. Zaidi ya hapo msijisumbue na mapambo. Mnunuzi wa kwetu hatazami maua, anatazama maji. Mwonyeshe tangi, mwambie maji ya mfereji huja siku ngapi kwa wiki, na bauza moja unainunua pesa ngapi. Kama kisima ni cha maji ya chumvi, mwambie ni ya chumvi. Mwonyeshe tangi la maji taka na lilinyonywa mara ya mwisho lini. Tembea naye hadi kwa bikoni zote nne, na kama moja imepotea, mwite mpima ardhi kabla ya siku hiyo. Bikoni iliyopotea imevunja mauzo mengi kuliko paa linalovuja.

Na zile nyufa? Sehemu nyingi za Rongai na Kitengela zina ule udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyufa ndogo ni kawaida kwa nyumba za huko. Mama alikuwa anataka kuziziba na kupaka rangi ijumaa yake. Tulimwambia azizibe, lakini amwambie mnunuzi. Rangi mbichi inanuka, na fundi atakayeletwa na mnunuzi atakwaruza hapo hapo kwanza. Pia barabara ikijaa matope Aprili, usichague kuonyesha Januari peke yake halafu ukanyamaza.

Mtu akiuliza, "Bei ya mwisho ni ngapi?" akiwa bado amesimama mlangoni, mjibuni kwa upole kwamba bei ni ile iliyotangazwa, na kama ana yake aiandike. Anayeandika ndiye mnunuzi. Wengine walikuja kutembea, na si vibaya, washukuruni.

Akishapatikana

Hapa usikubali furaha ikuondoe njiani. Mkataba wa kuuza ardhi au nyumba lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na kila sahihi ishuhudiwe, na sheria imekuwa hivyo tangu Juni 2003. Kupeana mikono mbele ya mzee wa mtaa ni vizuri kwa ujirani lakini si mkataba. Kila upande uwe na wakili wake. Malipo ya kwanza, ambayo mara nyingi ni asilimia 10, yapitie kwa mawakili na isemwe kwa maandishi nani anayashika na kwa masharti gani. Usipokee elfu hamsini kwa simu ati "nikushikie." Ukizipokea, umefunga mdomo wako kwa wanunuzi wengine, na yeye bado yuko huru. Ufunguo hautoki mkononi mpaka pesa zimefika. Hata kwa shemeji.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Katika mtaa wetu, mtu akiuza nyumba, sisi majirani tunajua lini, na kwa mdomo wa nani? Tunasema nini juu yake akiwa hayupo, na maneno hayo yanamfanya mwingine afiche ya kwake?

Ni wangapi kati yetu ambao hati ya nyumba wanayoishi bado ina jina la mzazi aliyefariki? Ni nini kinachozuia familia kwenda mahakamani?

Kama wazazi hawa wangekuwa wanachama wa kikundi chetu, ni nani angeweza kukaa nao Jumamosi hiyo, mmoja getini na mmoja sebuleni?

Na kati ya mume na mke walio hapa leo, je, wote wawili wanajua hati iko wapi?